Mwimbaji Aliyefungwa Mdomo

Ukimpelekea Bi Waya spika mbovu, usimweleze imeharibika nini. Atakukatiza. Atakuambia, "Iache iseme yenyewe," kisha ataiinamia kama daktari wa watoto, ataiunganisha na redio yake ya kazini, na kabla hujapata pa kukaa atakuwa ameshajua: hii karatasi imechanika, hii koili imeungua, hii haina ugonjwa wowote, ni mwenyewe tu aliyechomeka waya kinyume. Wateja wa aina hiyo ya mwisho huondoka wamenuna. Yeye hajali.

Karakana yake ipo chini ya jengo la zamani lililokuwa la kuchapa vitabu. Mbele ndiko anakotengeneza spika na redio. Nyuma, ukipita pazia zito, kuna chumba alichokivika mablanketi makuukuu ukutani na trei za mayai darini, na humo ndimo anamofanyia jambo ambalo ndugu zake walishachoka kulielewa. Anarekodi muziki wa michezo ya kompyuta. Si michezo ya siku hizi, wapi! Ile ya zamani, ya kompyuta zilizochomekwa kwenye televisheni, mchezo ukipakiwa kwa kaseti huku mashine inalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kompyuta zile zilikuwa na chipu ndogo ya sauti, na ndani yake, kwa maneno ya Bi Waya mwenyewe, mnakaa waimbaji watatu. Watatu tu, basi. Na wote wanaimbia kwenye tundu moja, wanabanana humo mpaka humjui nani ni nani. Kazi yake ni kuwatenganisha. Anaupiga wimbo kwenye mashine halisi ya enzi hizo, akiwanyamazisha wawili na kumrekodi mmoja, anaupiga tena kwa ajili ya mwingine, na tena. Kisha anawapanga kwenye spika nne, moja kila kona ya chumba. Ukikaa katikati, wimbo uliokuwa ukipita kwenye tundu la sindano unakuzunguka mwili mzima. Watu wa mbali, wenye mvi na kumbukumbu zao, humwandikia kumwomba wimbo huu au ule, na wengine humwambia walilia waliposikiliza. "Watu wazima na vitambi vyao," husema Bi Waya, na anafurahi kweli kweli.

Wimbo mmoja tu hakuwahi kuugusa, nao ndio aliokuwa akiutaka kuliko yote. Uliandikwa na kaka yake.

Kaka alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mjuaji, alipoajiriwa na bwana mmoja muuza kaseti ili aandike muziki wa mchezo ulioitwa Mlinzi wa Ghala. Kijitu kinakimbia ghalani kuokota funguo, hakuna zaidi. Bi Waya, wakati huo mtoto wa miaka kumi, ndiye aliyepewa kazi ya kuujaribu, na alikufa mle ghalani mara zisizo na idadi. Mchezo ulitoka, ukachezwa, ukasahaulika. Yule bwana akafunga duka. Kaka akaenda kufundisha hesabu hadi alipostaafu. Lakini mguse tu habari ya ule wimbo, uone. "Mimi niliandika chumba kizima," husema, "wao wakasikia tundu."

"Basi nipe kaseti nikufungulie hicho chumba," Bi Waya humjibu.

"Bado. Kuna mahali nataka kuparekebisha kwanza."

Hiyo "bado" ilidumu miaka kumi na mmoja. Nani asingekasirika?

Jumatatu moja kaka akaingia karakanani akiwa na mkewe. Wifi alitembea kushoto kwake, kama kawaida, maana sikio la kulia la kaka lilikufa miaka minane iliyopita: uvimbe uliota ndani, ukatolewa, na kusikia kukaenda nao. Ndiyo maana nyumba nzima ilishazoea kumkalia kushoto. Bi Waya alizima redio.

"Umeota mwingine," kaka akasema. "Huku." Akagusa sikio zima. "Wananipasua Jumatano, si hii, ya tatu kutoka hii. Daktari anasema nitapona. Ila kusikia hakuna ahadi."

"Sema yote," wifi akamwambia.

"Haya. Kusikia kutaondoka. Ndivyo alivyosema."

Bi Waya alifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Kisha akauliza, "Kaseti iko wapi?"

Kaka akaitoa mfuko wa koti, imefungwa kwenye leso safi iliyopigwa pasi. Alikuja nayo. "Sasa si bado tena," akasema.

Walipoondoka, Bi Waya aliendelea kuchomelea waya wa redio ya mtu, na machozi yakadondokea kwenye chuma cha moto yakafanya tss. Akakizima. Akatazama kalenda ya ukutani: siku ishirini na tatu. Alitaka jambo moja tu duniani, kwamba kaka yake akae katikati ya kile chumba, ausikie wimbo wake ulivyokuwa kichwani mwake, kabla ya Jumatano ile. Baadaye haingekuwepo.

Kaseti ilikubali kusomeka mara ya tatu, baada ya kusafishwa na kubembelezwa. Na wimbo ule, jamani! Mwimbaji wa kwanza anaanza na mluzi, wa pili anatembeza besi chini yake, halafu katikati ule mluzi unageuka kengele. Kengele hasa, za shaba, kutoka kwenye chipu isiyozidi kipande cha biskuti. Kila aliyewahi kuucheza mchezo huo anazikumbuka hizo kengele hata kama amesahau mengine yote.

Bi Waya akaanza kuwatenganisha. Akamsikiliza wa tatu peke yake. Kimya. Akarudia. Kimya vilevile. Akafungua programu akaona mwimbaji huyo ameandikiwa noti nyingi tu, toka mwanzo hadi mwisho, lakini kuna amri moja pale juu inayomfunga mdomo.

"Huyu naye anakula mshahara wa bure," akasema. Aliona ni masalio, kitu ambacho kaka alikiandika, akaghairi, akasahau kukitoa. Akamfuta. Ndivyo mafundi walivyo: waya usiofika popote wanaukata.

Kisha akamrekodi wa kwanza. Mluzi safi. Zikafika kengele, na kengele hazikulia. Palipokuwa na shaba pakatoka mluzi mwingine tu, mkavu, wa mtu asiye na habari na lolote.

Hapo ndipo wiki nzima ilipopotelea. Alisema chipu imezeeka, akaing'oa, akaweka nyingine kutoka mashine ya akiba. Mluzi. Akatafuta ya tatu. Mluzi. Akabadilisha umeme, akachomelea upya viungo ambavyo havikuwa na kosa lolote. Spika za wateja zikarundikana mlangoni, na mtu mmoja akamwuliza kama amehama. Kaka hakuambiwa kitu. Mgonjwa unamwambiaje kwamba umempotezea kengele zake?

Siku ya tisa akainua simu, shingo upande. Wifi akapokea, akaiweka kwenye sikio la kushoto la mumewe.

"Kaka, zile kengele ulizipigaje?"

Kaka alicheka mpaka akakohoa. "Umemfuta wa tatu."

"Hasemi kitu!"

"Hasemi, lakini anamshika mwenzake. Kengele si ya mtu mmoja. Wa kwanza anaimba, wa tatu anamtikisa kwa ndani, ndiyo inatoka ile shaba. Ukimwondoa, unabaki na filimbi."

"Na ulikuwa unataka kuniambia lini?"

"Hukuniuliza. Wewe huwa unauliza lini?"

Bi Waya akajipiga kofi la paji la uso, kofi la haki kabisa. Siku tisa! "Sawa, namrudisha. Ila kwa nini ulimfunga mdomo? Kama noti ni za kumtikisa mwenzake tu, ungempa noti yoyote. Huyu ameandikiwa wimbo kamili."

"Ah," kaka akasema. "Hayo mambo ya zamani." Akamrudishia mkewe simu.

Sasa wewe mwambie Bi Waya "mambo ya zamani" uone kama atalala njaa ya kujua. Alimrudisha wa tatu, na kengele zikalia mara moja, kwenye chipu ile ile ya kwanza aliyoiita mzee. Kisha akaenda kwenye ile amri ya juu, akabadilisha namba moja, na mwimbaji aliyefungwa mdomo miaka thelathini na minane akafumbua.

Wimbo ulipanda hatua tatu, ukajikwaa, ukashuka kwa kurukaruka.

Bi Waya akakaa chini. Aliujua. Aliujua kabla haujajikwaa. Ulikuwa wake. Kila siku baada ya chakula kaka alikuwa anaosha vyombo na yeye anakausha, na katika kukausha alijitungia wimbo usio na maneno, akiuimba puani, sahani baada ya sahani. Siku moja kaka aliupiga mluzi mbele ya rafiki zake, wakacheka. Alichachamaa yule mtoto! Alimfungia kaka yake jikoni akamwapisha: wimbo wangu usiuuze, usimpe mtu, asiusikie mtu yeyote. Kaka aliinua mkono uliojaa povu, akaapa.

"Mwizi mkubwa wewe," Bi Waya akaiambia mashine. Akacheka, akakasirika, akalia, yote ndani ya dakika moja, kisha akausikiliza tena toka mwanzo. Spika tatu zilikuwa na kazi: mluzi wa mwimbaji wa kwanza mlangoni, kengele zake dirishani, besi kwenye rafu. Kona ya nne, penye sinki la kuoshea mikono, ilikuwa haina mtu. Akamweka mwimbaji wa tatu hapo. Hakumwambia yeyote.

Jumapili kabla ya Jumatano ile, saa nne asubuhi, kaka na wifi wakaja. Bi Waya alikuwa amefagia, ametia mafuta kiti chake cha kuzunguka kilichotupwa na ofisi fulani, amekiweka katikati kabisa ya chumba, amepima kwa futi. Kaka akakaa, magoti pamoja, kama anayesubiri kupigwa picha. Wifi akabaki nje ya pazia na chupa ya chai. Bi Waya akabonyeza.

Wimbo ukaenda wote. Mluzi, besi, kengele, na kule kwenye sinki ule wa mwimbaji wa tatu, kwa unyenyekevu wake. Bi Waya alikuwa anamtazama kaka usoni tu, roho juu. Ulipoisha ukaanza tena wenyewe, kama ulivyokuwa mchezoni, na kaka akafumbua macho.

"Nzuri," akasema. "Safi sana. Kengele zimetoka vizuri."

Ilikuwa sauti aliyokuwa akiwapa wanafunzi waliokosa hesabu lakini wamejitahidi.

"Usinipake mafuta. Sema kweli."

Kaka akamtazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyouma. "Mdogo wangu, mimi nina sikio moja. Kwangu mimi kila kitu kinatoka hapa." Akagusa kushoto. "Spika nne au arobaini, ni tundu lile lile."

Jamani, jamani. Miaka thelathini ya kutengeneza sauti! Masikio mawili ndiyo yanayomwambia mtu upande. Hilo Bi Waya angelieleza hata akiwa usingizini. Wiki tatu alipima, akapanga, akachomelea, akamkalia kaka yake kushoto kila walipokutana, na haikumpitia kichwani hata mara moja. Alitengeneza chumba cha masikio mawili kwa mtu wa sikio moja, na siku zilizobaki ni tatu. Akaketi sakafuni, aproni usoni.

Wifi akachungulia kwenye pazia, upande wa kulia wa mumewe. "Mbona mnaomboleza na mtu yupo hai? Chai inapoa."

Kaka hakuyapata maneno vizuri. Akafanya anachofanya siku zote mtu akimsemesha upande wa kulia: akasukuma sakafu kwa mguu, kiti kikamgeuza, ili sikio zima limwelekee mkewe. Akakwama hapo hapo.

"Ngojeni," akasema. "Nani amepandisha besi?"

"Hakuna aliyegusa kitu," Bi Waya akajibu kutoka sakafuni.

Kaka akajirudisha. "Imeshuka." Akajigeuza tena. "Imepanda! Na mluzi umejificha."

Bi Waya alisimama kwa kasi hata akapiga goti kwenye meza. "Ni kichwa! Kichwa chako kinaziba, kaka! Spika inayotazamana na sikio inakuwa kubwa, za upande wa pili zinabaki nyuma ya kichwa! Huwezi kukijua chumba ukiwa umetulia, lakini ukigeuka..."

"Zungusha," kaka akasema. "Zungusha, usinipe somo!"

Akashika mgongo wa kiti akamzungusha.

"Polepole, mtamtapisha mume wangu," wifi akasema, naye ameshaingia na chupa yake ya chai.

Polepole basi. Kaka alifumba macho, na kila sikio lake lilipofika kwenye kona alitaja, kama anaita mahudhurio. "Mluzi. Upo mlangoni... Kengele. Aaa, kengele!... Besi..." Chumba alichokiandika akiwa kijana wa miaka kumi na tisa kilikuwa kinampitia sikioni, kona baada ya kona, na uso ulikuwa umemfunguka mpaka Bi Waya akashindwa kuutazama. Akatazama magurudumu ya kiti. Kisha kaka akainua mkono, na kiti kikasimama. Sikio lilikuwa linatazamana na sinki.

Wimbo ulipanda hatua tatu, ukajikwaa.

"Umemfungua," kaka akasema.

"Nimemfungua mwizi wako, ndiyo."

"Uliniambia nisiuuze. Sikuuza. Uliniambia asiusikie mtu, na hakuna aliyeusikia. Nilimfunga mdomo mimi mwenyewe." Bado alikuwa amefumba macho. "Nilijaribu nyimbo kumi na mbili za kutikisa zile kengele. Zote zilitoa bati. Wako tu ndio ulitoa shaba. Nadhani ni kwa sababu unajikwaa pale."

"Ungeniomba!"

"Ungekataa."

Bi Waya akafikiria. "Ningekataa," akakiri, na wote watatu wakaangua kicheko. Kisha akaweka mkono kwenye bega la kaka yake, akasogea mpaka kwenye sikio la kushoto, akasema taratibu ili lisipotee hata neno: "Sasa nakupa. Ni wako."

Wakazunguka asubuhi nzima. Kaka alitaka kusimamishwa kila kona mpaka aijue kwa moyo, kama alivyowakaririsha watoto majedwali, na alipoona ameijua alitaka tena. Chai ilipoa kweli.

Jumatano wakampasua. Ilichukua saa sita. Alipona, na kusikia kukaondoka, kama alivyosema daktari. Hakukuwa na muujiza, na hakuna aliyedanganywa kwamba utakuwepo.

Jumamosi mchana Bi Waya akaingia wodini. Kaka alikuwa ameegemea mito, bandeji imemzunguka kichwa, na wifi amekaa kulia kwake, maana sasa pande zote zilikuwa sawa. Mezani palikuwa na ubao mdogo na chaki. Kaka alipomwona dada yake akainua kidole akakizungusha hewani.

Bi Waya akaandika: *Daktari kakataza. Utapata kizunguzungu.*

"DAKTARI ANAJUA NINI KUHUSU MUZIKI?" kaka akauliza, kwa sauti iliyofika hadi kwa wagonjwa wa korido nzima, maana hakuwa anaisikia sauti yake mwenyewe.

Bi Waya akasimama akatafakari. Halafu, kwa kuwa mgonjwa hazungushwi, akazunguka yeye. Alisimama kwenye kona ya kitanda, mguuni kulia, akachongoa midomo. Kaka akamkazia macho.

"MLUZI," akasema.

Akahamia kona ya pili, mguuni kushoto, akatikisa mkono. "KENGELE." Akaenda kichwani kushoto, akajaza mashavu upepo. "BESI," akasema kaka, na sasa alikuwa anatabasamu mpaka bandeji ikasogea.

Bi Waya akapita nyuma ya kiti cha wifi hadi kona ya nne. Akachukua kikombe mezani na kitambaa kilichokuwa pembeni, akaanza kukausha kikombe.

Kaka hakutaja kitu. Alifumba macho, akaanza kuimba puani. Wimbo ulikuwa kombo, ulikuwa umepishana na noti zake kabisa, lakini ulipanda hatua tatu, na pale pa kujikwaa ulijikwaa sawasawa. Bi Waya akaingia naye. Alijua hasikiwi, akaimba hivyo hivyo, na kikombe kilishakauka zamani lakini hakukiacha.

Muuguzi akaja mbio mlangoni. "Mama, mgonjwa anatakiwa apumzike."

"Anapumzika huyo," wifi akamwambia. "Ndivyo anavyopumzika."

Wimbo ulipoisha kaka akafumbua macho. "UMESHAWATUMIA WALE WATU WAKO WA VITAMBI?"

Bi Waya akaandika: *Bado.*

Kaka akalisoma lile neno, akacheka mpaka akashika kichwa kwa maumivu. "BADO GANI? TUMA! NA YULE WA TATU AACHWE MDOMO WAZI. ANDIKA NI WA KWAKO."

Bi Waya alitaka kubisha, chaki ilikuwa mkononi. Aliandika *Sawa, kaka*, akaweka ubao mezani, akarudi kwenye kona yake na kikombe, maana mgonjwa alikuwa ameshaanza upya.